Koti la Kompyuta

Mke wangu ni fundi cherehani. Mimi nilikuwa dereva wa lori kwa miaka ishirini na saba, na sasa nimestaafu. Mstaafu akikaa nyumba moja na fundi, atake asitake, anakuwa msaidizi. Asubuhi napiga pasi, nakata nyuzi na kufagia vipande vya vitambaa. Mchana natoa ushauri. Hakuna anayeniomba, lakini mimi si mchoyo.

Kompyuta yetu tuliachiwa na binti yetu alipoolewa. Tuliiweka chumba cha kushonea, kioo juu ya meza na boksi chini yake, karibu na cherehani. Mke wangu aliitumia kuandika vipimo vya wateja: kifua, kiuno, mabega, urefu wa mkono.

Mwaka huo chuo cha wauguzi kilimpa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Alitakiwa kushona sare za mahafali za wanafunzi sitini na wanne. Aliwapima mmoja mmoja kwa siku mbili, akaandika vipimo kwenye daftari, kisha akavihamishia kwenye kompyuta. Nikamwambia daftari sasa la nini, mambo ni ya kisasa. Yeye alitaka kulitunza. Siku ya kuchoma taka, mimi nikalitupia motoni pamoja na mabaki ya vitambaa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu zilishaanza kupukutika.

Baada ya hapo wanafunzi wakatawanyika kwenda kwenye mafunzo ya vitendo, kila mmoja hospitali yake. Wangerudi asubuhi ya mahafali yenyewe. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Jumatatu kompyuta ikaanza vituko. Mke wangu alifungua faili la vipimo, akakata sare mbili, na alipotaka kusoma vipimo vya mtu wa tatu, kioo kikaganda. Unasogeza kipanya, mshale hauendi. Unabonyeza, kimya. Nikamwambia aniachie mimi. Nikachomoa plagi ukutani, nikairudisha. Kompyuta ikawaka, ikafanya kazi robo saa, ikaganda tena. Nikachomoa tena. Hadi jioni nilikuwa nimechomoa mara saba, na kila mara nilijiona fundi.

Jumanne asubuhi faili likakataa kufunguka. Yalitokea maandishi kwamba lina hitilafu. Sare zilizokuwa zimekatwa ni kumi na moja tu.

Mke wangu akaweka mkasi mezani. Nikapendekeza tuwapigie simu wanafunzi wajipime wenyewe huko waliko. Akanitazama tu. Hakunigombeza, wala hakutaja daftari. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Mwanamke huyu akikusema, ujue mambo bado ni mazuri.

Nikampigia mdogo wake. Shemeji yangu huyu kazi yake ni kutunza kompyuta za hospitali. Alikuja mchana kwa ruhusa, bado amevaa kitambulisho cha kazini. Nilitegemea ataanza kubonyeza mara moja. Wapi. Alivuta kiti, akaanza kuuliza maswali kama daktari. Inaganda ukiwa na programu moja au na programu yoyote? Inaganda baada ya muda gani? Asubuhi inakuwaje?

Dada yake akamjibu kwamba inaganda na programu yoyote ile. Asubuhi inaanza vizuri, lakini kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa mbaya.

Shemeji akatueleza. Ingekuwa programu moja tu inayoganda, tungeishuku hiyo. Programu zote zikiganda, tuitazame mashine yenyewe. Na mashine inayoanza vizuri ikiwa baridi, kisha ikagoma baadaye, cha kwanza kukishuku ni joto.

Akainama chini ya meza.

"Dada," akasema, "hii kompyuta imevaa nini?"

Ilikuwa imevaa koti. Koti hilo lilikuwa wazo langu. Chumba kina vumbi la vitambaa, kwa hiyo nilimwomba mke wangu aishonee kompyuta kitu cha kuikinga. Naye hashoni kitu cha hovyo. Alitumia kitambaa kizito cha makoti ya baridi, akakitia bitana na vifungo vinne. Aliacha tundu la swichi na tundu la nyaya, basi. Tangu siku hiyo halikuvuliwa.

Shemeji alilivua, akagusa boksi, akaondoa mkono haraka. Kisha akanigeukia.

"Shemeji, lile lori lako ulikuwa ukilifunika rejeta kwa blanketi?"

Miaka ishirini na saba niliwafokea vijana walioziba rejeta kwa matambara, injini ikakosa kupoa. Aibu ilinishika mpaka masikioni.

Akasema kompyuta nayo ina matundu ya kutolea joto, na ndani ina feni. Ukiziba matundu, joto halina pa kwenda. Mashine inachemka, kazi inakuwa nzito, mwishowe inaganda. Tena kuchomoa plagi ghafla kunaweza kuharibu faili, kwa sababu mashine inakatiwa umeme ikiwa katikati ya kuandika. Programu ikiganda, subiri kidogo kwanza. Isiporudi, fungua orodha ya programu zinazofanya kazi, ufunge hiyo iliyogoma. Ikishindikana kabisa, bonyeza swichi ya kompyuta na uishikilie mpaka izime. Plagi ni ya mwisho kabisa.

Tuliiacha ipoe saa nzima. Nilitaka aisafishe papo hapo, akakataa. Alisema kwanza tuokoe kazi, matengenezo baadaye. Alipoiwasha, alinakili faili kwenye flashi, akatoa na nakala ya pili, ndipo akaiambia programu ijaribu kuitengeneza hiyo ya pili. Lile faili lenyewe hakuligusa.

Tulisubiri. Mke wangu alikuwa ameshika futi ya kupimia, anaizungusha kidoleni. Mstari mdogo ulijaa polepole kwenye kioo. Kisha majina yakatokea, na namba zake. Mke wangu akayahesabu kwa kidole mpaka sitini na nne, akarudia tena kuanzia juu. Nilitoka uani kidogo. Nilikuwa nalia, na sikutaka shemeji apate la kunitania mwaka mzima.

Niliporudi, shemeji alikuwa ameizima kompyuta, ameichomoa plagi na kufungua ubavu wake. Ndani nyuzinyuzi zilikuwa zimejaa hata feni haionekani. Aliishikilia feni kwa kidole isizunguke, akaondoa uchafu taratibu kwa brashi laini iliyo kavu. Tukaipandisha juu ya meza nyingine, mbali na cherehani, matundu yake yakiwa wazi. Jioni hiyo ilifanya kazi kwa muda wa saa nne bila kuganda.

Sasa tunaisafisha kila mwezi. Tunaizima kwa utaratibu. Mke wangu anahifadhi kazi kila anapomaliza mtu mmoja, na kila jioni ananakili kwenye flashi inayokaa kabatini. Juu ya hayo, kanunua daftari jipya, nami sina ruhusa ya kulishika.

Sare zilikwisha siku mbili kabla ya mahafali. Tulialikwa, tukakaa safu ya nyuma. Wauguzi sitini na wanne walipita mbele yetu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akivuta mkono wala kushikilia kiuno. Mke wangu alikuwa anawatazama mabega tu, mmoja baada ya mwingine.

Nikaona siwezi kukaa na swali langu moyoni tena. Nikamwambia, "Vile vipimo vingepotea, ningekuwa mimi niliyevipoteza. Siku ile mbona hukunisema?"

Hakunigeukia. Aliendelea kuyatazama mabega.

"Nilikuwa natafuta namna ya kukusamehe," akasema. "Na nilikuwa sijaipata."