Hodi Moja

Saa kumi jioni, Landani ilikuwa imeshaingia giza, kama kawaida yake Desemba. Bridget alikuwa anampelekea mwajiri wake, Mista Pruitt, mashati kutoka kwa dobi. Kwa mkono wa pili alimshika Wakesho, bintiye wa miaka sita. Hakuwa na wa kumwachia.

Mista Pruitt alikuwa mwanadiplomasia wa Marekani. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Mombasa, na Kiswahili alikimudu. Lakini nyumbani kwake alikataza neno moja: karibu. Bridget alidhani ni vituko vya wazungu tu.

Wakesho akakaa sebuleni kutazama katuni. Jikoni, Bridget alikuta masanduku yamefungwa.

"Umehamishwa tena, Mzee?"

"Nimeomba mwenyewe."

"Kwa mwendo huu utaishia mwezini."

Hakucheka. Alikuwa ananusa.

Harufu ya maziwa yaliyoungua... na jiko lilikuwa baridi.

"Mama Wakesho," alinong'ona, "Mombasa, jioni moja, mtu alibisha hodi. Mara moja tu. Nikaitikia karibu. Nikafungua... hapana mtu. Asubuhi mke wangu hakuamka."

Bridget aliweka mashati chini. Kwao Voi hata mtoto anajua: mtu wa kweli hurudia hodi. Ile ya mara moja haiitikiwi.

"Ukahama?"

"Kila kituo linanifuata, linaomba upya kukaribishwa. Kampala, mpishi wangu aliliitikia. Tukamzika."

Mlango wa mbele ukagongwa. Ko.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mama yake Bridget. Mama aliyezikwa Voi.

Bridget akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mista Pruitt akafumba macho.

Kimya...

"Linaondoka," alinong'ona. "Hapa hakuna wa kuliitikia."

Sebuleni, Wakesho, aliyesikia Kiswahili tangu kuzaliwa na kukijibu kwa Kiingereza siku zote, akapaza sauti.

"Come in!"

Bridget alikimbia. Mlango ulikuwa umefungwa. Mtoto alikuwa mzima, macho kwenye televisheni.

"Labda halijui Kiingereza," alisema Mista Pruitt. Juma lile lile akapanda ndege. Hakuaga.

Bridget alijishikilia kwenye neno hilo. Alimchunguza mtoto: anakula, anacheza, anagoma kuoga. Mambo ya kawaida.

Mpaka jana. Giza linaingia, Bridget yuko bafuni kwao Tottenham, anasuuza yunifomu. Nyumbani wako wawili tu.

Harufu ya maziwa yaliyoungua.

Vidole vidogo vikagonga mlango. Ko. Halafu sauti ya Wakesho, kwa lafudhi safi ya Voi ambayo hakuwahi kuwa nayo.

"Hodi."

Bridget alingoja arudie.

Hakurudia.