Jina la Aliyepigishwa Magoti

Ukuta wa banda la video la Mudathiri ulianza kuchuruzika maji siku ya Jumatatu, na Bariadi haikuwa imeonja mvua tangu Mei.

Joakim, mtafsiri wa filamu aliyewasemea wahusika wote papo hapo bandani, hakujali. Alikuwa na mdomo, na mdomo ndio uliomlisha. Siku hiyo ilikuwa kanda ya zamani ya vita, isiyo na sauti: boti za wanamaji zinapiga doria kwenye mto wa nchi waliyoiteka, na mateka mmoja amepigishwa magoti ukingoni mwa boti. Kwa mazoea yake Joakim akawabandika wote majina ya mtaani. Mateka akamwita Ngassa, kwa kuwa Ngassa fundi baiskeli alikaa benchi la mbele. Watu wakavunjika mbavu, hata Ngassa mwenyewe. Ofisa wa boti akamsukuma mateka majini.

Asubuhi Ngassa akaokotwa katikati ya mto Simiyu, juu ya mchanga mkavu, maji ya matope yakimtoka mdomoni.

"Ni jini," Mudathiri alinong'ona, akiivunja ile kanda. "Linataka jina. Usilipatie tena, ndugu yangu."

Watu walimlilia Ngassa siku mbili. Ya tatu walirudi bandani kungoja mpira. Saa tisa alasiri televisheni ikajiwasha. Boti ileile. Harufu ya tope na dizeli ikajaa banda, Mudathiri akachomoa waya na picha isizimike, na pale alipopigishwa magoti mateka palikuwa patupu, na ofisa aligeuka taratibu akamkazia Joakim macho, akingoja, huku maji yakigonga mbao chini ya mabenchi.

Joakim aliuma ulimi hadi damu.

"Mtafsiri, umelala?" Masunga, muuza pamba, akapiga kelele nyuma. "Tupe jina!"

Joakim akatikisa kichwa. Wakadhani ni vituko vyake.

"Basi mwite Milembe!" Masunga akacheka.

Milembe alikuwa binti yake Joakim, wa miaka tisa, aliyeuza karanga mlangoni. Sauti yake akinadi karanga nje ikakatika katikati ya neno.

"Ng'wana wane! Mwanangu!" Joakim alitoka mbio. Beseni lilikuwa kizingitini, limejaa maji hadi ukingoni, karanga zinaelea.

Nyuma yake, katika giza la banda, watu ambao hawakumwona akitoka walipiga makofi. Leo mateka kwenye televisheni alikuwa mtoto, na alivyokuwa akimlilia baba yake, wote walikubaliana, Joakim hajawahi kuigiza sauti vizuri namna ile.