Siku Tatu Mbugani, Nne Ufukweni

Kufuli la kabati lilikuwa limevunjwa, na bahasha ya safari haikuwepo. Ndani yake mlikuwa na vitambulisho viwili, tiketi za ndege na hati za kambi ya mbugani. Mke, mwalimu wa hesabu asiyependa kubahatisha, alikuwa amepanga likizo hiyo na mumewe kwa miezi saba: siku tatu mbugani, nne ufukweni. Walikuwa waondoke kesho.

Mshukiwa alikuwa tayari mahabusu. Ni mdogo wa mke, fundi rangi, aliyekuja kuwalindia nyumba. Koplo alipouliza nani mwingine analala humo, mume alijibu, "Shemeji," kisha akaongeza kwamba shemeji huyo aliwahi kushikwa kwa wizi wa baiskeli. Koplo hakuhitaji zaidi. Tangu aajiriwe hajawahi kuhitaji zaidi.

Inspekta alifika saa nne asubuhi na kuinamia droo ya kabati.

"Hereni hizi za dhahabu ni za nani?"

"Zangu," mke alijibu.

"Zilikuwa hapa, pamoja na bahasha?"

"Hapo hapo."

Inspekta akamtazama Koplo. Koplo akatazama dari.

"Mwizi gani huyu anaacha dhahabu, anabeba vitambulisho vya watu?"

"Labda alishtuliwa," mume akadakia.

"Labda."

Inspekta akaanza kupekua chumba mwenyewe. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na rundo la mashuka, yamekunjwa vizuri hadi akaionea haya nyumba yake mwenyewe. Hata yale ya lastiki, yanayowatoa watu jasho, yalikuwa miraba mitupu, pembe juu ya pembe. Akaligusa la tatu, la lastiki. Akasikia karatasi. Alipolikunjua, bahasha ikadondoka sakafuni.

Mke alipiga ukelele wa furaha. Mume hakufurahi, na Inspekta aliliona hilo.

"Nani hukunja mashuka humu?"

"Yeye," mke akamwonyesha mumewe. "Mimi la lastiki hulishindilia tu."

"Lakini shemeji naye..." mume alianza.

Inspekta hakubishana. Aliwachukua wote wawili hadi kituoni, akawaketisha ofisini, akaingia mahabusu peke yake na lile shuka. Alirudi na donge.

"Hii ndiyo kazi ya shemeji yako," alisema, akilitua mezani mbele ya mume. "Nilimwambia akunje. Kahangaika dakika tano nzima, maskini. Sasa, aliyeficha bahasha alilifungua shuka, akalikunja upya, asijue mtu. Humo ndani mwenu anayeweza hivyo ni mmoja. Ulijifunzia wapi?"

Kola ya shati la mume ililowa jasho.

"Mjibu," mke alisema kwa sauti ndogo.

"Kambini. Nilikuwa dobi."

"Dobi? Si ulikuwa unaongoza watalii? Miaka minne? Na yule simba aliyewafungia barabara?"

"Nilisimuliwa. Mimi nilifua mashuka uani miezi mitano. Simba sijamwona hata mkia." Aliongea na meza. "Nilikudanganya siku ya kwanza ili unipende. Halafu nikashindwa kurudi nyuma. Nimeyasimulia hadi kwa wakwe. Juzi ndipo ukanifichulia kwamba kambi uliyochagua ni ileile, na mkuu wa waongozaji bado yupo, anatusubiri. Nikamwona ananipa mkono mbele yako: dobi wetu, hujambo?"

"Ukavunja kufuli."

"Nilitaka safari ife tu. Bahasha ningeitoa wiki ijayo."

"Na mdogo wangu?"

"Sikudhani watamfungia."

"Ulimtajia baiskeli!" Machozi yalimtoka mke, akayafuta kwa hasira. "Udobi ningekucheka wiki moja, yakaisha. Hili la baiskeli sijui nitaliweka wapi."

Inspekta alijikuta anaangalia viatu vyake. Amewahi kukaa na wauaji chumbani humo asione haya namna hii. Aliandika maelezo ya mume, kosa likiwa kutoa taarifa ya uongo kwa polisi, akamsainisha. Kisha akamwamuru Koplo akafungue mlango wa mahabusu, na akifungua aombe radhi.

Fundi rangi aliingia ameshika suruali isimvuke, maana mkanda walimvua. Akaiona bahasha mezani, uso wote ukachangamka.

"Imepatikana! Shemeji, imepatikana! Nilikuwa naomba humo ndani, nikasema, mimi hata wanifunge, lakini hawa watu wasikose safari yao."

Akamnyooshea shemeji yake mkono. Haukupokewa.

"Mwambie," mke alisema.

"Mwambie wewe, tafadhali."

"Mimi sikumtaja."

Mume akainuka. Fundi rangi alimtazama, tabasamu likianza kumpungua.

"Shemeji," mume akasema, "ni mimi."