Sauti Alizosikia Modeste

Jumamosi asubuhi, mtaa mzima wa Bagira hutoka kwa salongo, kazi ya wote ya kufyeka majani na kuzibua mifereji. Kila nyumba hutoa mtu na panga.

Maman Domitille alitaka mwanawe Modeste aende. Tangu arudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Mwenga, Modeste halali. Haogi. Anacheka peke yake. Sasa alikuwa nyuma ya nyumba, ananoa panga.

"Kazi itamuchokesha, atalala," mama alisema.

Séraphine, dada ya Modeste, alimfuata kaka yake nyuma ya nyumba.

"Kaka, panga iko na makali tayari. Unanoa nini tena?"

"Grégoire ananitaja mu radio. Anasema nife. Leo kwa salongo tutamalizana."

Papa Grégoire alikuwa jirani yao, fundi mwashi mpole. Séraphine akamwacha kaka yake pale. Akarudi kwa mama.

"Maman, nimuite Maman Noëlla."

Noëlla alikuwa muuguzi aliyeishi karibu.

"Nyamaza! Watu wa Kalehe wanakuja kukuposa. Wakisikia kuko kichaa humu, nani atakuoa? Wenye maombi watamufunga kamba, watamuombea."

"Na akimukata Papa Grégoire, njo watanioa?"

Séraphine akatoka mbio kwa Noëlla.

Noëlla alimtuma mume wake kwanza, amwambie Grégoire ajifungie ndani. Kisha akaja, akasimama mbali kidogo na Modeste, mikono mitupu.

"Modeste, umechoka sana. Haulale?"

"Sauti hazinyamaze."

"Mimi sizisikie. Lakini naona zinakutesa. Zinakuambia umuumize mutu?"

Modeste akainama. "Grégoire."

"Weka panga chini. Twende hospitali, upate dawa ya kulala. Dada yako atakuja na sisi."

Modeste akaliacha panga lianguke. Séraphine akaliokota, akaenda kulificha.

"Ni ugonjwa, si ulozi," Noëlla alimwambia mama. "Wagonjwa wengi wa kichwa hawaumize mutu. Lakini akikosa usingizi, akisikia sauti, akitaja mutu na kusema atamuumiza, usingoje. Ondoa panga, mwonye yule mutu, ita muganga wa hospitali. Usimucheke, usibishane naye, usimufunge kamba. Akikataa kuacha panga, kimbia, ita watu."

Modeste alikaa hospitalini mpaka mvua zikaisha. Alirudi mnene, mzito wa ulimi, mikono inatetemeka kwa dawa. Séraphine alimpa vidonge kila jioni. Sauti zilipungua, hazikuisha zote. Watu wa Kalehe hawakuja kuposa. Harusi ikipita barabarani, mama alifunga dirisha.

Jumapili moja Papa Grégoire alisimama mlangoni.

"Modeste, twende misa."

Modeste alimtazama.

"Papa Grégoire, hauniogope?"

"Nakuogopa kidogo. Vaa viatu, tunachelewa."