Jenerali Hakupiga Hodi

"Ulijua?"

Mchumba wangu Nazira aliniuliza huku kashika ndara moja ya mama yake. Ya pili ilibaki kwenye matope ya mikoko ya Tungue.

"Nazira, ile ni filamu."

"Sikuulizi filamu. Nakuuliza kama ulijua."

Nilijua. Mimi ndiye niliyemwigiza Jenerali Nambidi, mtu ambaye nusu ya wazee wa huku wanamwita mkombozi, na nusu wanatema mate wakisikia jina lake. Mwongozaji, Senhor Agostinho, aliwaambia kina mama wakae watwange mihogo tu, kamera ziwachukue. Mimi akaniambia mengine: nitoke ghafla kwenye mikorosho na askari ishirini. Alitaka sura za hofu ya kweli. Nikanyamaza. Sura ya jenerali ilikuwa yangu, na nilijivuna nayo.

Hofu aliipata. Mama Zainabo, mamaye Nazira, aliyekimbia vita vya juzi siku tatu kwa miguu, alipoona magwanda aliachia mchi ukiwa bado hewani. Tulimkuta mikokoni, maji kiunoni.

"Nilijua," nikasema.

"Basi Ijumaa, badala yangu, kaoe hiyo kofia yako ya jenerali."

Akaondoka. Nikamtumia ujumbe:

"Kofia ya jenerali si kichwa changu Nazira,
Nitaivua kwa kweli, naomba yako subira."

Jibu likaja: "Mama anatetemeka, wewe unapanga vina."

Nikaenda moja kwa moja kwa Agostinho.

"Futa ile picha ya kina mama."

"Aiuba, meu amigo, rafiki yangu, ile ndiyo filamu yenyewe."

"Basi tafuta jenerali mwingine."

Akacheka. Nilipovua gwanda na kulikunja mezani, akaacha.

"Unajua wangapi wanaitaka nafasi hii?"

"Wape. Muanze filamu yote upya, tangu ujana wa Jenerali."

Wiki sita za kazi zilikuwa na uso wangu, hangeweza kuzitupa. Alifuta, Nazira niliyemwita ashuhudie akisimama pale pale, mikono kifuani. Hakunishukuru. Alisema tu:

"Mama yuko ndani."

Nilipiga magoti uani.

"Shikamoo, mama."

Akanipa mgongo.

"Nilijua, mama. Nikanyamaza kwa kutaka sifa. Nisamehe."

Akanigeukia.

"Wale wa kweli waliingia kwangu bila hodi. Na wewe je?"

"Sikupiga, mama."

"Ijumaa utapiga."

Ijumaa tulifika na matari, wajomba zangu wakinisukuma mgongoni.

"Ingia, bwana, shehe anangoja."

Mlango ulikuwa umefungwa. Nikasimama.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi hapa."

Matari nayo yakanyamaza. Nyuma yangu mjomba Ussene akanong'ona:

"Hawa wamebadili mawazo?"

Nikausogelea mlango.

"Hodi, mama."

Nikasikia ndara zikija taratibu.

"Nani?"

"Aiuba."

"Una askari?"

"Sina, mama. Ni wajomba tu."

Komeo likavutwa.