Alama Nyekundu Niliyoifuta Kwenye Mashine ya Vifaranga

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, mkazi wa Akheri. Wasomaji wenzangu, haya ninayowaeleza sijayasema hata kanisani...

Mume wangu Elisante ndiye aliyenunua mashine ya kutotolesha mayai, mtumba kutoka ng'ambo. Kununua tu! Kazi yote ilikuwa yangu. Mayai ya kwanza alinipa mama yangu wa Nkoaranga. Kuku wake ni wa kienyeji, wakubwa, wekundu, aliowarithi kwa bibi. Anawapenda kuliko sisi wanawe.

Mtaalamu wa mifugo aliniambia joto liwe nyuzi thelathini na saba na nusu. Nikaweka hapo. Mayai yakaoza yote!

Mtaalamu aliporudi alicheka. Kumbe yeye alisema sentigredi, na swichi ya joto ya mashine yangu ilikuwa na namba za farenhaiti. Akanielekeza: zidisha kwa tisa, gawa kwa tano, ongeza thelathini na mbili. Ikaja tisini na tisa na nusu. Joto ni lile lile, lina majina mawili. Nikachukua rangi ya kucha nyekundu nikapiga alama hapo, nisipige tena hesabu maishani.

Basi, vifaranga wangu wakawa wanagombewa sokoni Tengeru. Mmoja wa wateja alikuwa Doreen wa Nduruma. Akawa shoga yangu. Nilimkaribisha loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, mezani kwangu, akala akashiba... kisha akambeba na mume wangu!

Elisante alihamia kwake mazima. Kwa aibu sikumwambia mama. Kila alipomuulizia mkwe wake nilisema yuko kazini.

Haikutosha. Akanitumia ujumbe kwamba anakuja kuchukua mashine, kwani yeye ndiye aliyeinunua. Wanangu wangekula nini? Hilo halikumhusu. Nikachukua pamba na dawa ya kutoa rangi ya kucha, nikaifuta ile alama hadi swichi ikang'aa. Alikuja na kirikuu, akapakia, hata salamu hakutoa.

Baadaye akapiga simu. Hakuwahi kuwasha mashine ile hata siku moja.

"Mama Neema, hii kitu mnaweka joto ngapi?"

"Thelathini na saba na nusu."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo. Usiguse tena."

Je, nilidanganya? Namba ilikuwa ya kweli! Ila kwenye farenhaiti, maji huganda thelathini na mbili. Kwa hiyo thelathini na saba ni baridi ya friji, na mashine isingewasha moto kabisa. Feni ingezunguka, taa ingewaka, na joto la Nduruma lingewadanganya kwamba mambo yanakwenda. Nilicheka peke yangu jikoni.

Wiki tatu nzima niliomba mayai yao yaoze. Nilipiga magoti kabisa! Na yakaoza. Jirani yao alinisimulia yalivyowapasukia mikononi, Doreen akatapika, harufu ikahamisha watu. Siku hiyo nilichinja jogoo, nikala na wanangu. Sijawahi kula kitamu vile.

Jumapili mama akaja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anahema. Kideri kilikuwa kimepita Nkoaranga na kuwamaliza kuku wake wote, hakubaki hata mmoja. Lakini mama alikuwa anatabasamu.

"Namshukuru Mungu, mkwe alipita kabla ya ugonjwa. Nilimpa mayai yote akuletee. Vifaranga wangu wako wapi?"

Elisante alikuwa amezunguka kukusanya mayai akitumia jina langu... na mama angejuaje, wakati mimi ndiye niliyemficha?

Nilimweleza yote huku nalia. Hakunigombeza. Aliuliza tu kwa nini nilimficha yeye, mama yangu mzazi.

Elisante na Doreen walinunua mayai mengine, wanaendelea na maisha. Mimi sijawasamehe! Nikisikia wameachana nitachinja tena. Lakini ninyi wenzangu, nawasihi, mkitendwa msinyamaze nyumbani kwenu mkapanga kisasi gizani. Mnaweza kumpiga msiyemkusudia.

Sasa hivi banda la mama ni tupu. Asubuhi anaamshwa na jogoo wa jirani.