Jukwaa la Treni Mbili

Kila jioni, masomo yakiisha, Adero alipitia hospitalini mjini Nakuru akiwa na kopo la uji, ndipo akaenda kwao kwenye nyumba za reli. Mdogo wake Obuya alikuwa amelazwa katika wodi ya watoto tangu masika. Homa ilimpata ghafla, na ilipoondoka ilimwachia mguu uliopooza. Sasa alifungwa chuma mguuni na kufundishwa kutembea kwa magongo. Zamani alikuwa mtoto wa maneno mengi. Siku hizo alitazama ukuta tu.

Mwaka huo, 1956, familia mbili za Wazungu waliokuwa wakirudi makwao ziliiachia wodi treni za kuchezea, moja ya Uingereza na nyingine ya Uswisi. Mwalimu Kimaiyo, aliyefundisha kazi za mikono shuleni kwa akina Adero, aliahidi kwamba darasa la sita lingewatengenezea wagonjwa stesheni ya mbao. Adero aliomba kutengeneza jukwaa, mahali abiria wanaposhukia, akakubaliwa kwa kuwa alikuwa hodari wa msumeno. Mwalimu alimwonya apime treni zote mbili. Alimweleza kuwa jukwaa la Uingereza huinuka karibu na sakafu ya behewa, lakini la Uswisi huwa chini, na abiria hushuka kwa vidato vinavyotokeza nje ya behewa.

Adero alipima ile ya Uingereza. Kuipima ya pili aliona ni kujisumbua bure.

Jumamosi walipoitandika stesheni sakafuni wodini, treni ya Uingereza ilisimama vizuri. Ilipofika ya Uswisi, vidato vyake viligonga ukingo wa jukwaa, behewa likapinduka. Kwa aibu Adero alichukua randa akaupunguza ukingo haraka haraka mpaka treni zote mbili zikapita. Akamwambia mwalimu kuwa kazi imekwisha.

Obuya alikuwa ameketi karibu. Alichukua sanamu ndogo ya mtu, akaisimamisha mlangoni mwa behewa la Uingereza, akaisogeza ishuke. Ikatumbukia kwenye mwanya ulioachwa na randa kati ya behewa na jukwaa, chini relini. Akaiokota, akajaribu tena, ikatumbukia tena.

"Mama alisema nikitoka hapa tutakwenda kwa nyanya kwa treni," alimwambia dadake polepole. "Nikiwa na chuma hiki, mahali kama hapo nitashukaje?"

Machozi yalimlenga Adero. Alimwendea mwalimu akakiri kwamba hakupima treni ya pili, na kwamba aliilipua kazi ili tu isionekane imemshinda. Mwalimu hakumgombeza. Alimwuliza tu kama alikuwa tayari kuanza upya.

Wiki nzima iliyofuata Adero alikuja wodini na rula, na Obuya akawa msaidizi wake. Obuya ndiye aliyeshika sanamu milangoni, akisema hapa anafika, hapa anaanguka. Kwa reli zilizosalia ndani ya boksi walitandika njia ya pili, kila treni ikapata njia yake. Katikati Adero aliweka jukwaa jipya: upande mmoja uliinuka, mwingine ulikuwa chini. Alitaka kuziunganisha pande hizo kwa ngazi, lakini Obuya alikataa. Alisema ngazi humchosha mtu wa magongo. Wakaweka mteremko mpana.

Siku ya kuijaribu, sanamu ilishuka kutoka treni ya Uingereza bila kuanguka, kisha kutoka ile ya Uswisi. Obuya aliomba magongo yake. Akasimama, uso umemkunjamana kwa maumivu, akaitazama stesheni kutoka juu huku akiwaeleza wenzake jinsi kila kitu kilivyopimwa. Adero alikuwa hajamsikia akizungumza hivyo kwa miezi mingi.

Mwalimu Kimaiyo alipapasa ule mteremko kwa kidole.

"Adero, mara ya kwanza ulitaka treni zipite, nazo zikapita," alisema. "Lakini jukwaa halijengewi treni, hujengewa mtu anayeshuka. Kila kazi utakayoshika maishani, ipime kwa yule itakayemwia vigumu kuliko wote. Yeye akifika salama, ndipo useme umemaliza."